Tope la Sabaki na wingi wa watu: maswali ninayoulizwa Malindi

Kazi yangu ni kupeleka watu kwa mashua hadi kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari. Siku ambazo bahari imechafuka huitwa shuleni kuzungumza na vijana wa vilabu vya mazingira, na jioni nakaa barazani kama watu wengine. Kote huko maswali ni yale yale. Watoto huuliza mbona bahari ni nyekundu. Wageni kutoka Nairobi huuliza, kwa sauti ya chini, kama si kwamba watu wa hapa wanazaa sana. Wazee huuliza nimetumwa na nani. Nimeyaandika majibu hapa ili anayeuliza tena asome, nami nimalize kahawa yangu ikiwa bado ya moto.

Mbona maji ya Malindi ni ya kahawia na ya Watamu ni ya buluu, na bahari ni moja?

Ni Mto Sabaki. Unaingia baharini kaskazini mwa mji, mwendo mfupi kwa bodaboda, na unachomwaga ni udongo wa bara. Mto huu una majina matatu: huko juu karibu na Nairobi ni Athi, ukishapokea maji ya mto Tsavo ni Galana, na sisi tulio mwisho wa njia tunauita Sabaki. Kila mwaka hubeba mamilioni ya tani za udongo. Watamu, kusini yetu, haina mto wa namna hiyo.

Upepo nao una neno lake. Wakati wa kusi mkondo huvuta maji kwenda kaskazini, na tope huelekea Mambrui na Ngomeni. Kaskazi ikianza kuvuma mkondo hugeuka, tope likaja mjini kisha likafika kwenye matumbawe. Bahati mbaya ni kwamba mvua za vuli hunyesha bara majira hayo hayo, Novemba, na mto huwa umefura. Ndiyo sababu mgeni anayefika Desemba akiwa na picha ya maji ya buluu kwenye simu yake hunitazama kana kwamba nimemwibia.

Ni kweli ufuo umesogea?

Ni kweli. Mwombe mzee yeyote wa hapa akuonyeshe maji yalipokuwa yakifika alipokuwa mtoto. Kuna hoteli zilizojengwa zikiitazama bahari karibu, na leo mgeni wake hupita vichaka na vilima vya mchanga kabla ya kulowa miguu. Ardhi hiyo ni shamba la mtu wa Ukambani, nchi ya Wakamba huko bara, lililokuja kwa maji.

Tutajuaje kwamba zamani mto haukuwa hivi hivi?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu aliyeweka hesabu ni tumbawe.

Tumbawe hukua kidogo kidogo na huacha alama ya kila mwaka, kama mti. Udongo wa mto huwa na madini yaitwayo bariamu. Tope likikutana na maji ya chumvi, bariamu huachana na udongo na kuyeyuka, na tumbawe huijenga ndani ya mwili wake wa mawe. Mwaka wa tope jingi, bariamu nyingi. Mwaka wa tope haba, kidogo. Wanasayansi walitoboa tumbawe kubwa la hapa Malindi, wakatoa kijiti kirefu cha jiwe na kukisoma mwaka kwa mwaka, kurudi nyuma miaka 300. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007.

Kutoka 1700 hadi 1900 hesabu karibu haikubadilika. Watu walilima, walifuga, ukame ulikuja ukaondoka, na tope lilibaki la kiasi. Kuanzia mwanzo wa karne ya 20 linapanda, na linaendelea kupanda hadi kilele kati ya 1974 na 1980, lilipokuwa mara 5 hadi 10 ya kiwango cha asili.

Sasa fikiria kilichotokea bara katika miaka hiyo. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Walowezi wakafuata, wakagawiwa ardhi nzuri, na Wakamba wakafungiwa kwenye maeneo waliyotengewa, wao na ng'ombe wao, kwenye vilima vya udongo mwepesi. Mtu aliyekuwa akihama na mifugo ili malisho yapumzike, sasa hana pa kuhamia. Kufikia miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni walikuwa wanaandika kwa hofu juu ya makorongo ya Machakos, huko Ukambani, na dawa yao ilikuwa kuwanyang'anya watu ng'ombe. Mwaka 1938 maelfu ya Wakamba walitembea hadi Nairobi kupinga, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Serikali ilimkamata ikampeleka uhamishoni. Wapi? Lamu. Yaani udongo wa kwao ulishushwa na mto mpaka Malindi, naye akaletwa pwani hii hii, mbele kidogo. Hili huwaambia wanafunzi kila mara, nao hulikumbuka kuliko habari za bariamu.

Halafu zikaja miaka ya 1970: watu waliongezeka kwa kasi ambayo nchi hii haijaiona kabla wala baada, miti ilikatwa, ardhi mpya ilifunguliwa bila utaratibu, na mwanzoni mwa muongo ukapiga ukame mkali ulioacha ardhi wazi. Mvua iliporudi ilikuta udongo hauna nguo.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo? Tope limeletwa na wingi wa watu?

Kwa sehemu, ndiyo. Wanasayansi hao wenyewe wanautaja wingi wa watu, pamoja na ukataji wa misitu, matumizi ya ardhi yasiyo na mpango, na ukame. Sitamficha mtu hilo ili nionekane mtetezi wa wanyonge.

Ila tazama tarehe. Sensa ya 1979 ilihesabu Wakenya milioni 15.3. Ya 1989 ikahesabu milioni 21.4. Kama tope lingefuata vichwa peke yake, kilele kisingekuwa miaka ya 1970, kingesogea mbele kila mwaka. Hakikusogea. Kuna kitu kinakaa katikati ya mtu na udongo, na kitu hicho kinaweza kubadilika hata watu wakizidi. Swali linalofuata linahusu hicho.

Mtu akiongezeka si anahitaji shamba, na shamba si ni kukata miti? Kuna ujanja gani hapo?

Tukae kwenye mto ule ule. Wilaya ya zamani ya Machakos, ambayo ilijumuisha Makueni ya leo, ilikuwa na watu karibu 240,000 mwaka 1932. Kufikia 1989 walikuwa karibu milioni 1.4. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa matokeo ya kulinganisha picha za zamani na mpya za vilima vile vile. Picha za miaka ya 1930 zinaonyesha ardhi iliyochanika, uchi. Zile mpya, watu wakiwa zaidi ya mara tano, zinaonyesha matuta yamepangana na miti imesimama mashambani.

Kilichofanyika ni kazi ya jembe. Kuna tuta linaloitwa "fanya juu", na jina hilo la Kiswahili limesafiri hadi kwenye vitabu vya wataalamu wa dunia. Unachimba mtaro kukingama mteremko, udongo unaurusha upande wa juu, unapanda majani kwenye ukingo, na baada ya misimu kadhaa mvua yenyewe imekusawazishia shamba. Ni kazi ngumu, haifanywi na mtu mmoja. Ilifanywa na vikundi vya mwethya, wengi wao wanawake, leo shamba la huyu, kesho la yule. Kwa maneno mengine, wingi wa mikono ulikuwa sehemu ya dawa.

Lakini mikono peke yake haikutosha, na hapa ndipo wanaoisimulia hadithi hii kwa furaha huteleza. Wakoloni waliwalazimisha watu kuchimba matuta, na watu waliyachukia; kazi ilishika pale mkulima alipokuwa na hakika kuwa shamba ni lake na mazao yana soko. Kahawa ililipa. Mboga zililipa. Nairobi ilikuwa karibu, na mtoto aliyepata kazi mjini alirudisha pesa nyumbani. Mkulima asiye na hati, aliye mbali na soko, hawezi kuwekeza miaka mitano ya mgongo wake kwenye tuta.

Na matuta hayajamaliza tope. Siku hizi kuna wachotaji mchanga wanaopakia malori usiku na mchana kutoka mito ya Machakos na Makueni ili Nairobi ijengwe, na maji taka ya mji huo wa watu milioni 4.4 yanaingia kwenye mto huu huu.

Mwalimu wetu wa jiografia anatufundisha Malthus. Je, alikosea?

Thomas Malthus, Mwingereza, aliandika mwaka 1798 kwamba watu huzidishana na chakula huongezeka kwa kujumlisha, kwa hiyo njaa, maradhi na vita vitakuja kupunguza idadi. Hakuona mbolea, mbegu mpya wala meli za nafaka. Watu wa dunia walifika bilioni 8 tarehe 15 Novemba 2022. Mwanauchumi wa Denmark, Ester Boserup, aliligeuza swali mwaka 1965: wingi wa watu ndio unaowasukuma wabuni njia bora za kulima. Machakos yuko upande wake.

Kwenye mtihani andika wote wawili, upate alama zako. Mimi naona walikuwa wakizungumza juu ya vitu viwili tofauti. Shamba lina mwenyewe na linaweza kuboreshwa. Samaki hana mwenyewe hadi avuliwe, wala huwezi kumchimbia tuta.

Basi samaki wamepungua kwa sababu wavuvi wamezidi?

Wavuvi wamezidi, hilo sibishi. Kijana anayekosa kazi hotelini huenda ufukoni, kwa sababu bahari haiombi cheti. Kaunti ya Kilifi, ambayo Malindi imo, ilikuwa na watu 1,109,735 mwaka 2009 na 1,453,787 mwaka 2019. Zaidi ya laki tatu katika miaka kumi, na mwamba wa matumbawe haukuongezwa hata futi.

Lakini uliza pia wanavua kwa zana gani. Babu alikuwa na mshipi na malema, yaani mitego ya kusukwa. Lema huacha samaki mdogo atoke kwenye matundu. Juya, wavu mrefu wa kukokota, huburura kila kitu, majani ya bahari, mayai, watoto wa samaki, mpaka mchanga wenyewe unaonekana umechoka. Juya lilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001. Nimeshaliona baada ya hapo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na wanaolivuta ni vijana ambao hawana chombo wala nyavu zao wenyewe, ni vibarua wa tajiri aliye mjini. Ukimkamata kijana, juya linarudi kesho na kijana mwingine.

Halafu zilikuwepo meli za kuvua kamba kwenye Ghuba ya Ungwana, kaskazini yetu. Zilitakiwa zikae mbali na ufuo, zikawa zinakuja usiku na kupita juu ya nyavu za wavuvi wadogo, na samaki wasiowahitaji wakawatupa wamekufa. Serikali ilizisimamisha mwaka 2006. Meli chache, wafanyakazi wachache. Kwa hesabu ya vichwa hazikuwa kitu.

Ukitaka kuona kinyume chake nenda Kuruwitu, kusini mwa Kilifi. Katikati ya miaka ya 2000 wavuvi wenyewe walikubaliana kufunga sehemu ya bahari yao isivuliwe kabisa, wakaiita tengefu. Mwanzoni walitukanwa na majirani. Samaki walirudi, na wanaovua pembeni ya tengefu ndio waliofaidi. Idadi ya watu kijijini haikupungua hata mmoja ili jambo hilo litokee.

Msitu wa Arabuko-Sokoke unaliwa na nani?

Unaliwa na jiko la mjini kwanza. Mwanamke wa kijijini huokota kuni zilizokauka. Anayekata mti mbichi ni mchoma makaa, na gunia lake haliishii kijijini. Linapanda pikipiki alfajiri kwenda kwa watu wenye watoto wawili na televisheni. Mimi mwenyewe napika wali wa nazi kwa makaa, sina ubavu wa kumnyooshea mtu kidole.

Msitu huo una kilomita za mraba 420 hivi na ndio mkubwa uliobaki wa aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Kuna bundi mdogo wa Sokoke, kuna panya-tembo mwenye makalio ya dhahabu. Muhuhu uliokuwa humo ulichongwa ukawa twiga na vifaru kwenye mikoba ya watalii, hadi ukaadimika na wachongaji wengi wakahamia mwarobaini na mwembe. Twiga hao hawakuagizwa na mtu wa Gede, kando ya msitu.

Mwaka 1993 ulianza mradi wa Kipepeo pale Gede. Wakazi wa pembezoni mwa msitu hufuga viwavi, na pupa husafirishwa kwa ndege hadi kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Kabla ya hapo wengi waliokuwa wakiishi kando ya msitu walitaka ukatwe wagawiwe mashamba, na ukizingatia hasara waliyokuwa wakiipata kwa tembo na nyani, ningekuwa mimi ningetaka hivyo hivyo.

Je, si wageni kutoka bara ndio waliotujazia mji?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini pia, ila na watu wengine.

Miji ya pwani imejengwa na wageni. Watu wa Malindi walikuwa na wageni kutoka ng'ambo hata kabla Vasco da Gama hajatia nanga mwaka 1498, na kila ukoo hapa ukiuchimba utafika kwa mtu aliyeshuka chomboni au aliyekuja kwa miguu. Wanaokuja leo wanafuata kazi, na wengine wanafukuzwa na ukame kwenye malisho ya Tana na Galana. Tatizo la kweli ninaloliona ni kwamba anayekuja hapati kiwanja halali, na hata mzawa wa hapa mara nyingi hana hati ya ardhi aliyozikwa babu yake. Wote wawili wanajenga pasipopimwa, choo karibu na kisima, na hakuna anayepanda mti mahali anapoweza kufukuzwa mwakani. Ukinuna kwa kabila la mtu, hati hiyo haitoki.

Tuko wangapi Kenya, na bado tunaongezeka kwa kasi?

Sensa ya 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, ilipata watu milioni 8.6. Ya 2019 ilipata milioni 47.6. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto 8, kiwango kilichokuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulipata 3.4.

Uzazi umeshuka hivyo, mbona madarasa bado yanafurika?

Kwa sababu wazazi ni wengi. Mabibi wa miaka ya 1970 walizaa mabinti wengi, mabinti hao kila mmoja akizaa watatu tu, jumla bado ni kubwa. Ni kama jahazi lililoshusha tanga: haliwi limesimama, linaendelea kuteleza kwa mwendo liliokuwa nao. Ndiyo maana anayeahidi kwamba uzazi wa mpango utaokoa msitu ndani ya miaka kumi anakudanganya, hata kama uzazi wa mpango wenyewe ni jambo jema.

Kumbe mmekuja kutuambia tusizae.

Hapana, mzee wangu. Na nina sababu ya kulijibu hili kwa kirefu, kwa sababu nimewahi kuondokewa na baraza zima nilipotamka neno "uzazi".

Hofu yako ina msingi. India, wakati wa hali ya hatari ya 1975 hadi 1977, ilifunga watu uzazi kwa mamilioni, na wengi walikuwa maskini walioshurutishwa. China iliweka sheria ya mtoto mmoja kutoka 1980 hadi 2015. Mtu aliyesikia habari hizo ana haki ya kumwuliza mgeni mwenye makaratasi amekuja kufanya nini. Kenya nayo ilianzisha mpango wa taifa wa uzazi mwaka 1967, wa kwanza kusini mwa Sahara, na kwa zaidi ya miaka kumi watu waliupuuza. Uzazi haukushuka hadi miaka ya 1980. Ulishuka baada ya wasichana kukaa shuleni, watoto wachanga kuacha kufa ovyo, na karo kuanza kuuma. Mzazi aliyezika watoto watatu huzaa wanane ili wabaki watano. Mwenye hakika kwamba watoto wake wataishi hupiga hesabu nyingine bila kuhubiriwa.

Mkutano wa Cairo wa 1994, wa Umoja wa Mataifa kuhusu idadi ya watu, ndio uliobadilisha lugha ya serikali nyingi: kwamba kinachotafutwa ni mwanamke awe na uwezo wa kuamua mwenyewe, si nchi kufikia idadi fulani. Upande wa dini, mimi si shekhe. Najua kwamba masahaba walifanya azli, yaani mume kujitoa kabla ya kumwaga, zama za Mtume na hadithi yake ni mashuhuri, na wanazuoni wamejadili mengi kuanzia hapo. Mwulize imamu wako. Na umwulize mkeo pia, maana barazani naona wanaojibu kwa niaba ya wanawake ni wanaume watupu.

Umaskini ndio unaoharibu mazingira, au utajiri?

Vyote, kwa mizani tofauti. Paul Ehrlich na John Holdren walipendekeza miaka ya 1970 kwamba madhara ni idadi ya watu, mara matumizi ya kila mmoja, mara aina ya zana wanazotumia. Ni hesabu ya kuzidisha, kwa hiyo ukitaja kimoja ukaficha viwili umeficha jibu.

Mkenya hutoa chini ya nusu tani ya hewa ya ukaa kwa mwaka. Mmarekani hutoa karibu tani 14. Mwaka 1998 bahari ilipata joto la El Niño, na matumbawe yetu yakapauka na kufa kwa wingi, hapa Malindi, Watamu, mpaka Kiunga. Hifadhi ya Malindi ilikuwa imelindwa tangu 1968, hakuna kuvua ndani, na ulinzi huo haukuzuia joto kuingia. Nilikuwa kijana, nikifunzwa kazi. Tulipeleka wageni mahali palipokuwa na rangi zote, tukakuta peupe kama chokaa. Hakuna mtu wa Malindi aliyezaa joto lile.

Na mikoko?

Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu. Kwa karne nyingi wakataji waliiuza kwa korija, fimbo ishirini ishirini, kila unene na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Majahazi yaliipeleka Ghuba ya Uajemi, nyumba za huko zikaezekwa kwa miti ya huku, na kusafirisha nje kulipigwa marufuku mwaka 1982. Watu wa Lamu walikata sana, lakini walichagua: mti wa ukubwa fulani, mwingine ukaachwa. Huku kwetu, upande wa Gongoni na Marereni, mikoko mingine iliondolewa ili kufanywa mashamba ya chumvi. Hapo hapachaguliwi mti, panasawazishwa.

Plastiki?

Mifuko imepigwa marufuku tangu Agosti 2017 na mji umependeza. Chupa bado.

Kuna mji uliowahi kufa kwa mambo haya?

Gede, tunaopita kila siku tukienda Watamu. Ulistawi kwa karne kadhaa, una misikiti, kasri, vyoo vya ndani, vyombo vya China, na katika karne ya 17 ukaachwa. Mwaka 2024 UNESCO iliutia kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kwa nini watu waliondoka? Wapo wanaotaja mashambulizi, wapo wanaotaja maji. Kando ya Msikiti Mkuu kuna kisima kilichochimbwa tena kwenda chini zaidi, na huchimbi tena kisima kama maji hayajakukimbia. Takwa, mji mwingine wa kale kwenye kisiwa cha Manda kule Lamu, wakaaji wake walihama pia, na inasemekana maji yao yaligeuka chumvi. Mimi siwezi kusema walikuwa wamezidi. Naweza kusema tu kwamba walikuwa matajiri kuliko sisi na walijua kujenga, na bado waliondoka.

Swali hili huniletea jingine: visima vya Malindi ya leo vinaonja vipi? Visivyo mbali na ufuo vinazidi kuwa na chumvi kila hoteli mpya inapofunga pampu. Mwenye bwawa la kuogelea na mwenye ndoo wanavuta kwenye kisima kimoja cha chini ya ardhi.

Mbali na Machakos, kuna nchi maskini iliyofaulu?

Niger. Ni jangwa nusu, na uzazi wake ni miongoni mwa vya juu kabisa duniani, watoto 6 hadi 7 kwa mwanamke. Ukifuata hesabu ya vichwa ungesema wamekwisha. Tangu katikati ya miaka ya 1980 wakulima wa Maradi na Zinder wameacha visiki vya miti mashambani vichipue, wanavipogoa badala ya kung'oa, na leo kuna hekta zipatazo milioni 5 zenye miti iliyorudi. Hawakupanda, waliacha. Zamani mti ulikuwa mali ya serikali, mkulima aliyeukuta shambani aliung'oa upesi kabla haujamletea faini. Mti ulipoanza kuhesabiwa kuwa wake, akautunza. Njaa bado iko Niger, msinielewe vibaya.

Nikitaka kuyaona haya kwa macho yangu, niende wapi?

Nenda daraja la Sabaki wiki moja baada ya mvua kubwa ya Ukambani, Novemba au Aprili. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, omba kijana wa hapo akuchotee maji, uiweke dirishani usiitikise. Asubuhi utakuta maji juu na udongo chini. Pima udongo kwa kidole. Kisha shuka mlangoni mwa mto jioni, kuna ndege wengi, hata heroe ukiwa na bahati. Pita upande wa mchanga ulio wazi, usikate njia kwenye matete: viboko wa Sabaki hutoka kula kabla ya Magharibi, na kiboko akiwa kati yako na maji hakuna atakayekusaidia.